Delerium: kazi ya pembeni iliyowika kuliko bendi mama

Oktoba 2000, wimbo uliokuwa umeshatimiza miaka mitatu ulipanda hadi nafasi ya 3 katika chati ya Uingereza. Uliitwa "Silence". Aliyeimba ni Sarah McLachlan, Mkanada ambaye kufikia wakati huo hakuhitaji kutambulishwa. Mdundo uliourusha kwenye kumbi za dansi ulikuwa wa ma-DJ wa Uholanzi na Ubelgiji. Jina la wenye wimbo, Delerium, lilitangulia yote kwenye jalada, ila sidhani kama wengi walioununua walijishughulisha kuuliza ni la nani. Wangeuliza, wangeelekezwa Vancouver kwa Bill Leeb, mtu aliyejulikana kwa kufoka kwenye maikrofoni huku mashine zikiikwaruza sauti yake mpaka isifanane tena na ya binadamu.

Muziki wa viwandani, ndio uliomlea Leeb, ulipata jina lake London mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle lilipoanzisha kampuni yao ya kurekodi na kuiita Industrial Records. Hao hawakuwa na haja ya gitaa lililopigwa kwa ufundi. Walitaka kanda zilizokatwakatwa, mitambo inayonguruma na maneno ya kuudhi. Baadaye kidogo, Berlin Magharibi, Einstürzende Neubauten wakapanda jukwaani na vyuma chakavu na keekee za umeme. Kelele hizo zilivuka Atlantiki, na huko Vancouver, mji wa bandari ambao mvua ya majira ya baridi haiachi kuunyeshea, zikawapata vijana wawili, cEvin Key na Nivek Ogre. Mwaka 1982 wakaunda Skinny Puppy.

Leeb alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1966, akahamia Canada angali mdogo. Katikati ya miaka ya 1980 aliingia Skinny Puppy akitumia jina la Wilhelm Schroeder, akipiga besi ya sinthesaiza. Hakukaa sana. Mwaka 1986 alijitoa, akaanzisha bendi yake, Front Line Assembly, na hiyo ndiyo iliyomjengea heshima: midundo ya kijeshi, sauti zilizochopolewa kwenye filamu, hofu ya dunia inayoendeshwa na kompyuta. Albamu zake za Caustic Grip (1990) na Tactical Neural Implant (1992) bado zinatajwa kila wapenzi wa muziki huu wanapokaa kubishana.

Delerium ilizaliwa ubavuni mwa bendi hiyo mwaka 1987, Leeb akiwa na mwenzake Michael Balch. Hapakuwa na dalili kwamba ingeleta fedha. Albamu ya kwanza, Faces, Forms & Illusions, ilitolewa mwaka 1989 na Dossier, kampuni ndogo ya Berlin, na nyingine zikafuata mfululizo: Morpheus, Syrophenikan, Stone Tower, Spiritual Archives, zote kabla mwaka 1991 haujaisha. Balch aliondoka mapema, na nafasi yake ikachukuliwa na Rhys Fulber, kijana wa hapo hapo Vancouver. Muziki wenyewe ulikuwa mzito, wa polepole, karibu wote bila mwimbaji. Vipande virefu vya giza, sauti za makanisa na mapango, ngoma zinazolia kwa mbali. Ni muziki wa mtu aliyemaliza kupiga kelele kutwa nzima akabaki studio peke yake usiku, mashine zikiwa bado zinawaka.

Wala haikuwa kazi pekee ya pembeni ya Leeb. Kulikuwa na Noise Unit, kulikuwa na Intermix, na mwaka 1991 akarudiana kwa muda na wenzake wa Skinny Puppy kwa albamu moja chini ya jina la Cyberaktif. Leeb alikuwa na majina mengi kuliko mtu anayekimbia wadai. Kwa nini basi Delerium ndiyo iliyotoka, nyingine zikabaki kuwa mali ya wakusanyaji wa santuri?

Jibu langu linaanzia kwenye kampuni. Nettwerk ilianzishwa Vancouver mwaka 1984 na Terry McBride na Mark Jowett, na miongoni mwa wasanii wake wa mwanzo walikuwa Skinny Puppy. Miaka michache baadaye kampuni hiyo hiyo ikamsajili msichana kutoka Halifax, upande wa pili kabisa wa Canada, mwenye sauti ya juu iliyo laini, anayetunga nyimbo za mapenzi na majonzi. Huyo ndiye Sarah McLachlan, na albamu yake ya kwanza, Touch, ilitoka 1988. Katika mji mkubwa kama London au New York watu wa aina hizi mbili wangeweza kuzeeka bila kukutana. Vancouver, walikuwa na kampuni moja na meneja wake wanamjua wote. Ndoa ya kelele na sauti laini, ambayo wachambuzi walikuja kuiona kama maajabu, ilikuwa kwa sehemu kubwa suala la ujirani.

Soko nalo lilikuwa limeshalainishwa. Mwaka 1990 mradi wa Enigma kutoka Ujerumani ulichukua zaburi na nyimbo za watawa wa Kikatoliki ukaziwekea mdundo wa dansi, na "Sadeness" ikatikisa Ulaya nzima. Leeb na Fulber, waliokuwa wakichezea sauti za kanisani tangu zamani, wakajikuta wako barabarani kabla ya msafara kufika. Mwaka 1994 wakaitoa Semantic Spaces kupitia Nettwerk. Kwa mara ya kwanza Delerium ikawa na mwimbaji wa kweli: Kristy Thirsk wa bendi ya Rose Chronicles, nao pia wakiwa wa Nettwerk.

Mimi naiweka albamu hii juu ya zote, hata ile iliyowapa umaarufu. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo, watu hao hao wawili walitoa Millennium ya Front Line Assembly, iliyojaa magitaa ya metali yanayosaga kama mashine ya kokoto. Fulber tayari alikuwa akifanya kazi na Fear Factory, bendi ya metali ya Los Angeles, na mwaka uliofuata mkono wake ukasikika kwenye albamu yao ya Demanufacture. Ukizisikiliza Millennium na Semantic Spaces kwa zamu, baada ya muda unaanza kugundua kwamba ufundi ni mmoja. Sampla inachukua kipande cha sauti, iwe mlio wa chuma au pumzi ya mtawa, inakikata, inakishusha au kukipandisha, kisha kinarudiwa na kurudiwa mpaka kisahau kilikotoka. Tabaka linawekwa juu ya tabaka. Hakuna haraka. Kilichobadilika ni mali ghafi tu, na mwendo. Wale waliolalamika kwamba Leeb ameisaliti karakana hawakuwa wamesikiliza vizuri.

Karma ilifuata mwaka 1997. Thirsk alirudi, akaja Jacqui Hunt wa Single Gun Theory ya Australia, na McLachlan akaimba wimbo mmoja aliotunga pamoja na Leeb na Fulber. "Silence" inaanza na waimbaji wa Kilatini, kisha ngoma inaingia taratibu, na sauti yake inapopanda juu ya vyote hivyo, kitu kilichoweza kuwa mapambo ya duka la manukato kinapata damu. Wakati ulimwangukia vizuri mno. Mwaka huo huo McLachlan alitoa albamu ya Surfacing na kuanzisha Lilith Fair, ziara ya wanamuziki wanawake iliyozunguka Marekani na Canada kwa misimu mitatu. Hata hivyo wimbo haukulipuka mara moja. Ulikaa kwenye albamu, ukipendwa na waliokuwa nayo.

Waliouamsha ni ma-DJ. Tijs Verwest wa Breda, Uholanzi, anayejiita Tiësto, aliuvuta ukazidi dakika 11, akauongezea kasi na kuutengenezea ule mpando mrefu ambao mashabiki wa muziki wa transi huungoja mikono ikiwa juu. Wabelgiji wa Airscape wakatengeneza toleo lao, fupi na la kufaa redio. Kumbi za Ibiza na Uingereza zikafanya yaliyobaki. Tiësto mwenyewe alipaa. Miaka minne baadaye alipiga muziki kwenye sherehe za ufunguzi wa Olimpiki mjini Athens. Delerium ikabaki ikijulikana kwa toleo ambalo si yenyewe iliyolitengeneza. Sijui kama hilo ni bahati au adhabu. Nadhani ni vyote viwili.

Maana baada ya hapo kanuni ilikuwa imepatikana, na kanuni ni mtego. Poem ilitoka mwaka 2000, Fulber akiwa hayupo na Chris Peterson akishika nafasi yake. Kila wimbo na mgeni wake: Leigh Nash wa Sixpence None the Richer, Rani, Matthew Sweet, kundi la Mediaeval Baebes. Ni albamu nzuri, lakini unaisikia ikitafuta "Silence" nyingine. Haikuipata. Fulber alikuwa akijenga mradi wake wa Conjure One, ambao albamu yake ya 2002 ina sauti ya Sinéad O'Connor, kisha akarudi kwa Chimera ya mwaka 2003. Humo mna "After All", ulioimbwa na Jaël wa Uswisi, wimbo ninaousikiliza kuliko ule uliofika nafasi ya 3.

Zilizofuata zinaweza kupitiwa kwa haraka: Nuages du Monde mwaka 2006, ambamo Isabel Bayrakdarian, mwimbaji wa opera, anaonyesha sauti iliyosomea inavyoweza kuifunika mashine yoyote, Music Box Opera mwaka 2012, Mythologie mwaka 2016, iliyotolewa na Metropolis, kampuni ya Marekani ambako Front Line Assembly nao walikuwa wamehamia. Kazi ya pembeni na bendi mama zikawa zimerudi chini ya paa moja. Signs ilitoka mwaka 2023, bado na waimbaji wanawake, bado bila haraka.

Bendi mama haikufa. Mwaka 2019, katika albamu ya Wake Up the Coma, Front Line Assembly waliimba upya "Rock Me Amadeus" ya Falco, mwana wa Vienna kama Leeb. Na mwaka 2024, baada ya karibu miongo minne ya Delerium, Noise Unit, Intermix na mengine yote, Leeb alitoa Model Kollapse. Ni midundo mikavu ya mashine na ile sauti yake ya kufoka. Kwenye jalada, kwa mara ya kwanza, lipo jina lake mwenyewe.