Fahamu: Wapenzi wa jinsia moja kutoka Afrika Mashariki wanaishije ughaibuni?

Wapenzi wa jinsia moja wakitajwa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi habari yenyewe inahusu bunge, polisi au mahakama. Msikilizaji anabaki akijua sheria inasema nini, lakini hajui watu wenyewe wanaishije. Kijana aliyeondoka Afrika Mashariki akaenda kuishi London, Johannesburg au Toronto, siku yake inakwendaje? Anaongea na nani, na wakikaa wenyewe wanacheka nini?

Makala haya yanajibu swali hilo. Hayabadilishi sheria ya nchi wala hayamwambii mtu aamini nini. Yanaeleza tu.

Maneno yenyewe

Neno "shoga" lina maana mbili. Kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa kike: "Shoga yangu, umeamkaje?" Siku hizi linatumika zaidi kumtaja mwanamume anayependa wanaume wenzake, na mara nyingi linatamkwa kwa kejeli. Ndiyo maana vyombo vingi vya habari husema "wapenzi wa jinsia moja", maneno yanayowahusu wanaume na wanawake. Uganda wapo wanaojiita wenyewe "kuchu". Hilo ni neno la ndani, la kuitana wao kwa wao, na Waganda walioko nje wamelibeba hadi Ulaya na Marekani.

Kwa nini wanaondoka

Tusidhani kila mmoja aliondoka kwa sababu hiyo. Wengi waliondoka kama wahamiaji wengine: masomo, kazi, au kumfuata ndugu. Lakini wapo waliokimbia, na sheria ni sehemu ya sababu.

Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kenya adhabu inafika miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuifuta sheria hiyo. Vifungu hivi katika nchi zetu vina asili moja: viliandikwa wakati wa utawala wa Waingereza. Uganda imekwenda mbali zaidi. Sheria iliyosainiwa na Rais Museveni mwaka 2023 ina adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Kwingine barani mambo ni tofauti. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi wa aina hii, na tangu 2006 ndoa za watu wa jinsia moja zinatambuliwa huko. Msumbiji, jirani yetu wa kusini, iliondoa adhabu kwenye sheria zake mwaka 2015.

Melina na Sharon

Hapa Singida tunaujua utani. Mtani akifika msibani anaweza kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Utani ni alama kwamba watu hawa ni wa kwetu, wana ruhusa ya kusema ambayo mgeni hana.

Mpenzi wa jinsia moja aliyeko mbali na kwao naye hutafuta watani wake. Mfano mmoja unamhusu mtu aliyezaliwa Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake wakiwa Waparsi wenye asili ya India. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza. Huko akawa mwimbaji wa bendi ya Queen, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury.

Mercury hakupenda kueleza hadharani mambo yake ya ndani. Lakini kwa marafiki alikuwa mtani mkubwa. Mwanamuziki Elton John amesimulia kwamba walipeana majina ya kike: Mercury aliitwa Melina, Elton akaitwa Sharon. Mercury alifariki kwa Ukimwi tarehe 24 Novemba 1991. Krismasi ya mwaka huo, Elton akiwa bado na majonzi, rafiki yao alimletea zawadi ambayo Mercury alikuwa ameiandaa akiwa mgonjwa. Ilikuwa picha ya kuchorwa, imefungwa ndani ya foronya, na kikaratasi kilichoandikwa kwa Sharon kutoka kwa Melina. Elton amesema alilia sana. Utani wao ulimfikia baada ya mtani kufariki.

Tangu 2019 yapo makumbusho ya Freddie Mercury Mji Mkongwe. Lakini mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Zanzibar kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe haikufanyika baada ya kikundi cha kidini kuipinga.

Lugha za mafumbo

Pale ambapo maongezi yanaweza kumfikisha mtu gerezani, watu hutunga lugha ya kufichana. Uingereza ilikuwepo iliyoitwa Polari, iliyotumiwa na mabaharia, watu wa maigizo na wanaume waliopenda wanaume. "Bona" ilikuwa nzuri, "omi" mwanamume, "vada" tazama. Katikati ya miaka ya 1960 wahusika wawili wa kuchekesha walikuwa wakiitumia kwenye redio ya BBC, na familia nyingi zilisikiliza na kucheka bila kujua maana yote. Wakati kipindi hicho kinaanza mwaka 1965, jambo lenyewe lilikuwa bado kosa la jinai; sheria ya Uingereza na Wales ililegezwa mwaka 1967.

Afrika Kusini iko lugha ya namna hiyo iitwayo Gayle, inayotumia majina ya wanawake badala ya maneno. Dora ni kinywaji. Priscilla ni polisi. Mtu akisema "Priscilla anakuja", wenzake wanajua la kufanya, na aliyekaa meza ya pili anadhani anasubiriwa dada.

Jaji na haki ya kupiga soga

Soga za namna hiyo zilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Wanaume wawili, mmoja wa Iran na mwingine wa Kameruni, waliomba hifadhi. Mahakama za chini ziliwakatalia kwa hoja kwamba wakirudi kwao wanaweza kuishi kimyakimya, wasijulikane, na wakavumilia.

Tarehe 7 Julai 2010 Mahakama ya Juu jijini London iliikataa hoja hiyo. Jaji Rodger alitoa mfano wa kawaida kabisa. Alisema mwanamume anayependa wanawake yuko huru kucheza raga, kunywa bia na kuwazungumzia wasichana na wenzake; basi na huyu mwingine awe huru kwenda kwenye tamasha la muziki, kunywa vinywaji vya rangi na kuwazungumzia wavulana na marafiki zake wa kike. Kwa maneno mengine, mtu anayelazimika kuchuja kila neno maisha yake yote kwa hofu ya kuumizwa hawezi kuambiwa kwamba yuko salama.

Mwaka 2014 mahakama ya Umoja wa Ulaya nayo iliweka mipaka kwa maofisa wanaohoji waombaji: wasiulize undani wa mambo ya chumbani, wala wasipokee video za faragha kama ushahidi.

Siku ya kawaida

Kufika nje si mwisho wa safari. Uingereza, anayeomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi wakati anasubiri jibu. Akisubiri mwaka mzima ndipo anaweza kuomba kibali cha kazi. Anaishi kwa posho ndogo, mara nyingi katika mji ambao hakuuchagua. Akishapata karatasi, maisha yake yanakuwa kama ya mhamiaji mwingine yeyote: zamu za usiku, kodi ya nyumba, baridi, na kutafuta duka lenye unga wa ugali.

Ugumu wake wa pekee uko kwenye kuchagua akae na nani. Watanzania, Wakenya na Waganda wenzake ndio wenye Kiswahili, pilau ya sikukuu, michango ya misiba na habari za nyumbani. Kwao anapata lugha, lakini anaficha jambo, kwa sababu ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp unafika kijijini kabla jua halijazama. Wapenzi wa jinsia moja wa nchi ile wanampa nafasi ya kusema, lakini kwa lugha ya kujifunza, na utani wao haumchekeshi. Hawajui Simba na Yanga, hawajui kwa nini mtu acheke akisikia neno "shemeji". Ndiyo maana wanapokutana wawili watatu wenye Kiswahili na siri moja, hukaa mpaka usiku. Hapo ndipo mtu anapopiga soga bila kuchuja.

Hofu ya habari kufika nyumbani haikutoka hewani. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni mashoga, likataka wanyongwe. Mmoja wa waliotajwa, mwanaharakati David Kato, alilishtaki gazeti pamoja na wenzake, wakashinda. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Januari 2011, aliuawa nyumbani kwake. Polisi walisema mauaji hayo hayakuhusiana na harakati zake, na mtu mmoja alifungwa miaka 30. Wenzake wengi hawakuridhika na maelezo hayo.

Waliokwama njiani

Wengine hawafiki Ulaya. Tangu 2014 Waganda kadhaa walivuka mpaka kwenda Kenya na kupelekwa kambi ya Kakuma, Turkana, iliyoanzishwa mwaka 1992. Kambini wanaishi jirani na wakimbizi wa mataifa mengi ambao baadhi yao hawawataki. Machi 2021 walirushiwa bomu la petroli wakiwa wamelala, na mmoja wao alifariki kwa majeraha mwezi uliofuata. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia nchi yake na bado asipate pa kulaza kichwa.

Simu ya nyumbani

Kila aliyeko nje huulizwa maswali yaleyale simu ikipigwa kutoka Kiomboi au Manyoni. Unarudi lini? Unaoa lini? Tuletee mkwe. Huyu hujibu, "Mungu akipenda," kisha anauliza habari za alizeti na mvua. Anatuma fedha za ada na za dawa za mama. Anajulikana kama mtoto mwema, na anajua kwamba sifa hiyo inasimama juu ya jambo moja ambalo halijasemwa.

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina aliandika kuhusu jambo hilo. Alizaliwa Nakuru mwaka 1971 na aliishi miaka mingi Afrika Kusini. Mama yake alifariki mwaka 2000, yeye akiwa huko, hakuwahi kufika. Januari 2014 alichapisha maandishi akijifikiria yuko kando ya kitanda cha mama, anamwambia kwamba anapenda wanaume. Alikuwa ametimiza miaka 43. Alisema kwa sauti mbele ya dunia nzima kile ambacho hakuwahi kumwambia mama yake. Alifariki Nairobi Mei 2019.

Na wageni wanaokuja kwetu?

Sheria ya Tanzania haimbagui mgeni. Mtalii au mfanyakazi wa kigeni anahusika nayo kama mwenyeji. Mwishoni mwa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, ubalozi wa Marekani uliwashauri raia wake kukagua walichoweka kwenye simu na mitandao. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema tangazo lile lilikuwa maoni binafsi ya mkuu huyo, si msimamo wa Serikali. Basi hata mgeni mwenye pasi ya nchi tajiri, akiwa kwetu, huchuja maneno yake kama anavyofanya kijana wetu kwenye simu.

Mambo ya kukumbuka

Ukiwa na ndugu aliyeko nje, hujui yote anayoyaishi, na huenda kimya chake hakina maana ya dharau. Ukitumiwa picha ya mtu na maneno ya kumtuhumu, fikiri kabla ya kuisambaza: hujui kama ni kweli, na kilichotumwa hakirudi. Na akipiga simu ndugu huyo, kabla ya kuuliza ataoa lini, muulize kwanza amekula nini leo na huko anacheka na nani. Akikujibu kirefu, msikilize.