Baraza la Jaws Corner: Kahawa, Siasa na Haki ya Kuketi Pamoja

Apitaye njia za Soko Muhogo katika Mji Mkongwe wa Unguja, si mbali na kanisa la Minara Miwili, hufika mahali ambapo vichochoro kadhaa hukutana na kuacha uwanja mdogo. Pana mabaraza ya kukalia, pana muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, pana wazee wanaocheza dhumna na vijana wanaosikiliza. Pana pia simu kongwe iliyotundikwa, isiyounganishwa popote, na kibao kinachoahidi kupiga simu za nje bila malipo. Hapo ndipo Jaws Corner.

Jina ni geni. Watu wa mtaa hulihusisha na filamu ya Marekani ya papa mla watu, iliyotoka mwaka 1975. Wakati huo Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi, na wengi waliitazama kwa pamoja mitaani. Lakini desturi ya kukaa barazani na finjani ya kahawa mkononi ni kongwe kuliko jina hilo. Zao kuu la visiwa ni karafuu, si buni. Kahawa ilikuja na mahusiano ya bahari, na miongoni mwa waliozoeleka kuiuza mitaani ni Washihiri, wahamiaji kutoka Hadhramaut. Nacho kiti cha mnywaji hakikuwa cha kukodi: ni baraza la mawe lililojengwa ukutani mwa nyumba, ambapo mwenye nyumba na mpita njia huketi sawasawa.

Usawa huo wa kuketi si jambo dogo, na historia yetu imeonyesha gharama ya kuupoteza. Katika miaka ambayo Wazanzibari huiita Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, wafuasi wa Afro-Shirazi na wa Hizbu waligomeana madukani, mabasini, hata mazikoni. Watu wasiozikana hawawezi kunywa kahawa pamoja. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Mgawanyiko wa mitaani ulikuwa umetangulia damu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikabaki chama kimoja. Barazani watu waliendelea kuketi, ila mtu alijifunza kumtazama jirani yake kabla ya kufungua kinywa. Huo nao ulikuwa msiba, ingawa wa kimya.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ndimi zilifunguka, lakini mabaraza yalipasuka tena. Jaws Corner ikawa ngome ya wafuasi wa CUF, na miaka ya karibuni ya ACT-Wazalendo. Kisonge, pale Michenzani, ikawa maskani mashuhuri ya CCM. Kahawa ni ile ile, masafa baina yao ni ya kutembea kwa miguu, lakini kila upande ulikuwa na habari zake na ubao wake. Katika uchaguzi wa 1995 wagombea wawili wa urais walitenganishwa na chini ya asilimia moja ya kura. Nusu ya nchi haikuiamini nusu ya pili. Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuawa katika maandamano ya upinzani, wengi wao Pemba.

Lakini Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Maridhiano hayo yaliyumba pale uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, yakafufuliwa Desemba 2020. Somo ninaloliona ni hili: mapatano ya viongozi wawili hutiwa saini kwa siku moja, bali hudumu pale tu wafuasi wao wanapoweza kukaa benchi moja na kubishana bila ya mmoja kuhofia kazi yake, biashara yake au usingizi wake.

Wapo wasemao kwamba mabaraza ni vijiwe vya wavivu. Siwaungi mkono. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba hoja isiyoweza kusimama mbele ya wazee wa dhumna haijakomaa. Hata hivyo tusiyatukuze kupita kiasi. Barazani hapa sauti ni za wanaume. Wanawake, ambao siasa hizi huwagusa vilevile, hupita njia tu. Na baraza la chama kimoja, chochote kiwacho, hufundisha kushangilia kuliko kufikiri.

Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta na milango ina wa kuitetea. Mazungumzo hayana mhifadhi isipokuwa sisi: mtumishi wa umma asiyemwandika mtu kwa alichokisema akinywa kahawa, mwanaharakati anayekubali kuketi kwenye maskani isiyo yake, mwanafunzi anayesikiliza hadi mwisho. Jaws Corner itakuwa imetimiza kazi yake siku ambayo mfuasi wa Kisonge atafika pale, aagize finjani yake, na hakuna atakayeuliza amefuata nini.