WALIOCHIMBA GIZANI: Mahandaki ya Maji ya Oman na Siri Ambayo Igawa Inaihitaji

Ukipanda basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, ukishapita Makambako barabara inaanza kushuka, baridi inakata, sweta linavuliwa, na mbele inafunguka tambarare kubwa ya Usangu. Hapo ndo Igawa. Abiria wengi wanakuwa wamelala au wako bize na simu. Kuna watu wamepita Igawa mara ishirini na hawajawahi hata kuugeukia Mto Mbarali unaokatiza pale. Siyo kosa lao. Maji yanayotiririka kimya kimya hayana kiki.

Sasa hamisha macho mpaka Nizwa, Oman, kama kilomita 150 kutoka Muscat. Pale kuna mtaro wa maji umepita kwenye bustani, na pembeni yake wamekaa watalii kutoka kila kona ya dunia. Wamevua viatu, miguu iko ndani ya maji, simu juu, picha zinapigwa. Wamelipa nauli ya ndege kuja kuangalia maji yanatiririka kwenye mtaro!

Mtaro huo unaitwa Falaji Daris. Mwaka 2006 UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na wenzake wanne: Al-Khatmeen, Al-Malki, Al-Jeela na Al-Muyassar. Oman nzima ina falaji zaidi ya 3,000 zinazofanya kazi mpaka leo.

Kwa nini mtaro wa Nizwa uitwe urithi wa dunia na wa Usangu uwe mtaro tu? Jibu halionekani kwenye picha, kwa sababu liko chini ya ardhi.

MAJI YANAYOTEMBEA CHINI KWA CHINI

Falaji maarufu zaidi ni zile zinazoitwa za Daudi, na ndizo zenye handaki. Kazi inaanza mguuni mwa mlima. Wataalamu wanasoma ardhi, wanachimba kisima mpaka wanayakuta maji. Kisima hicho kinaitwa mama wa falaji. Kutoka hapo wanachimba handaki kuelekea kijijini, na kila baada ya umbali fulani wanatoboa shimo la wima la kupitishia hewa na kutolea udongo. Ukiwa juu unaona mstari wa vishimo umekatiza jangwa, kama fuko kapita.

Hakuna pampu, injini wala umeme. Maji yanajivuta yenyewe kwa mteremko, na hapo ndo pana utaalamu. Mteremko ukizidi, maji yanakula kuta na handaki linabomoka. Ukipungua, mchanga unatuama na njia inaziba. Kwa hiyo wanautafuta mteremko mdogo ambao jicho haliuoni, wanaufuata kwa kilomita kadhaa gizani, na wanatokea pale pale walipokusudia.

Handaki likikutana na korongo, wana mbinu nyingine. Wanachimba shimo upande huu, wanapitisha njia chini ya korongo, wanachimba shimo jingine ng'ambo. Maji yanazama huku yanaibukia kule, mafuriko ya korongo yanapita juu bila kugusa kitu. Enzi hizo hapakuwa na mtu mwenye digrii ya uinjinia.

Na umri wake? Kwa muda mrefu sifa zote zilipewa Uajemi, yaani Iran ya leo, ambako mahandaki ya aina hii yanaitwa kanati. Kanati ya Gonabad ina zaidi ya kilomita 30 za njia za chini na umri wa zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 2016 kanati 11 za Iran ziliingia UNESCO. Lakini wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua eneo la Al Ain, Falme za Kiarabu, walikuta falaji za miaka 3,000 hivi iliyopita. Mpaka leo wasomi wanabishana nani alianza.

ETI YALICHIMBWA NA MAJINI

Ukimuuliza mzee wa Oman nani alichimba, kuna hadithi ambayo lazima utaisikia. Nabii Suleiman, mwana wa Daudi, alikuwa akisafiri juu ya upepo. Akapita Oman, akaona nchi imekauka. Akawaamuru majini wake wachimbe. Kwa siku kumi wakachimba falaji elfu kumi, kila siku elfu moja. Ndiyo maana zinaitwa za Daudi.

Hadithi tamu. Ila itafakari kidogo. Watu walishuka shimoni na sururu, wakatambaa kwenye tope, wengine wakafukiwa humo humo. Halafu sifa wakapewa majini!

Kule Iran kazi hii ilikuwa na masharti yake. Wachimbaji walikuwa wakivaa nguo nyeupe. Sababu ya kwanza ni waonekane gizani. Ya pili inasimuliwa kwa sauti ya chini: udongo ukiporomoka, mtu awe ameshavaa sanda. Walishuka na taa ya mafuta. Mwali ukififia ni kwamba hewa imekwisha, panda juu haraka. Taa hizo hizo zikipangwa mbili kwenye mstari ziliwasaidia kunyoosha handaki lisipinde.

Ufundi ulirithishwa baba kwa mtoto. Oman kuna kabila la Awamir linalofahamika kwa kazi hii, watu walioitwa kijiji hadi kijiji handaki linapoziba. Lakini nenda kwenye kibao cha falaji yoyote utafute jina la mchimbaji mmoja tu. Hulioni.

MFALME ANA JINA, FORT JESUS INA JINA

Wenye majina ni watawala. Vitabu vya historia ya Oman vinamsifu Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Al-Ya'ariba kwamba alitengeneza falaji 17 na kupanda mitende 30,000. Huyo ndiye ambaye jeshi lake liliizingira Fort Jesus ya Mombasa tangu 1696 mpaka ikaanguka Desemba 1698, Mreno akafungasha virago. Yaani mkono uliofungulia maji kule ndio uliofungua mlango wa Waomani pwani ya Afrika Mashariki. Wafadhili wa zile falaji na watawala wa Mombasa na Unguja wanatoka kwenye historia moja.

Na historia hiyo ina upande ambao hauwekwi kwenye matangazo ya utalii. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika waliokamatwa bara na pwani ya huku walivushwa bahari wakafanyishwa kazi kwenye mashamba ya tende ya Batinah, ukanda wa pwani ya Oman. Tende hizo zilisafirishwa mpaka Marekani. Waliochota maji na kuhudumia mitende ile nao hawana kibao.

Zanzibar kuna kisa kinachofanana na hiki. Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe, kuna pango la matumbawe lenye maji baridi matamu, na watalii wanashuka ngazi kila siku kuliona. Inasimuliwa kwamba aliyeligundua ni mtoto mtumwa aliyekuwa akichunga mbuzi. Mbuzi mmoja kapotea, akamsikia analia chini ya ardhi. Kumfuata, akakuta maji. Masimulizi yanataja jina la tajiri mwenye mbuzi. Mtoto aliyeyakuta maji anaitwa "mtoto" tu.

WABALUCHI WALIVYOFIKA USANGU

Sasa Igawa inaingiaje hapa?

Wabaluchi wanatoka kwenye ukanda wa Iran na Pakistani, nchi kavu ambayo imeishi kwa mahandaki haya haya, ambayo kule yanaitwa karezi. Masultani wa Oman na Zanzibar waliwatumia kama askari, na wengine wakafuata njia za misafara mpaka bara. Baadhi yao waliweka makazi Usangu, na mpaka leo ukienda Rujewa, jirani kabisa na Igawa, utakuta familia zenye asili hiyo zinaongea Kiswahili kama kawaida.

Miaka ya 1930 na 1940, Wabaluchi wa Usangu ndio wanaotajwa kuanzisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia kwa mifereji. Hawakuchimba handaki, na hawakuwa na sababu: Usangu maji yanashuka yenyewe kutoka milimani, juu, mchana kweupe. Kilichohitajika ni banio la kuyageuza mtoni, mfereji wa kuyaongoza na majaruba ya kuyapokea. Wasangu na wenyeji wengine wakaichukua teknolojia hiyo wakaifanya yao. Baadaye serikali nayo ikaja na shamba kubwa la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, kisha Kapunga.

Ule wali unaonukia mtaa mzima ukiambiwa ni mchele wa Mbeya, sehemu kubwa ya sifa yake imetoka kwenye tope hili. Lakini uliza nani alichimba mfereji wa kwanza. Utaambiwa "Wabaluchi", halafu basi. Na wale vibarua walioshika majembe hawatajwi kabisa.

SIRI SIYO HANDAKI, NI ZAMU

Mtalii anarudi kutoka Nizwa anasimulia handaki. Kumbe kilichoziweka falaji hai miaka yote hii ni mpango wa kugawana.

Maji yakiibuka juu ya ardhi, pale yanapotokea ni pa kunywa tu, na anayepita njia ana haki ya kunywa bila kuulizwa ni wa ukoo gani. Chini yake ni pa kuoga wanaume, kisha wanawake, kisha pa kuoshea maiti. Baada ya hapo ndo yanaingia mashambani, mitende kwanza, mazao ya msimu baadaye. Tajiri hawezi kulima juu ya mahali pa kunywea.

Shambani maji yanapimwa kwa muda. Kipimo kimoja kinaitwa athari, ni kama nusu saa. Mchana walisimamisha mti, wakasoma kivuli chake kwenye alama zilizowekwa chini. Usiku walisoma nyota. Leo wengi wanatumia saa, ila vijiji vingine kile kijiti bado kipo. Fungu la maji linarithiwa, linauzwa, linakodishwa. Mengine ni wakfu wa msikiti. Mengine yanapigwa mnada ili ipatikane hela ya kusafisha handaki. Kuna wakili anayesimamia hesabu na watu wa kugawa maji, kijiji kinawajua. Falaji Al-Khatmeen pale Birkat al-Mouz inafikia mahali maji yanagawanyika njia tatu zilizo sawasawa, na watalii wanapiga picha bila kujua kwamba ule ni ugomvi uliokwisha kabla haujaanza.

Usangu pia kuna zamu na kuna jumuiya za watumia maji. Lakini mabanio yameongezeka, mashamba yamepanuka, na mtu wa chini anasubiri maji aliyomaliza mtu wa juu. Tangu mwaka 1993 hivi, Ruaha Mkuu, mto unaokusanya maji ya Usangu, umekuwa ukikatika kabisa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko wanabaki wamebanana kwenye matope. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na ng'ombe wao, na 2008 eneo oevu la Ihefu likaingizwa kwenye hifadhi. Kila upande una mtu wa kumnyooshea kidole: mfugaji, mkulima, mwekezaji.

Na usidhani ishu hii ni ya watu wa Mbarali peke yao. Maji hayo yanateremka Mtera, yanateremka Kidatu, yanaishia Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Chaji iliyomo kwenye simu yako sasa hivi inaweza kuwa ilipita Igawa.

UKITAKA KUONA MWENYEWE

Mwenye nafasi ya kufika Oman, Nizwa na Birkat al-Mouz ziko njia moja, unatembea kando ya maji chini ya mitende. Aliyeko Emirates aende kwenye shamba la mitende la Al Ain, falaji zipo. Asiye na nauli hiyo aende Rungwe. Mto Kiwira una Daraja la Mungu, jiwe la volkano lililojitanda juu ya mto lenyewe, na una Kijungu, ambako maji yanazama kwenye mwamba na kutokea mbele. Pale hata hadithi ya majini haihitajiki, ni kazi ya ardhi yenyewe.

Na asiye na nauli kabisa, siku basi likisimama Igawa aweke simu chini dakika mbili, aangalie mto. Aliyechimba falaji alijua jina lake halitabaki. Alishuka hata hivyo, kwa sababu huko mbele kulikuwa na mtu wa mwisho kwenye mfereji anayesubiri maji. Karne nyingi baadaye, yule wa mwisho kule Oman bado anayapata.

Wa mwisho Usangu ni nani, na yeye atayapata mpaka lini?