Kodi iliyojificha ndani ya bei

Mama mwenye kuuza sabuni sokoni husema: « Mimi silipi TVA. » Kumbe analipa.

Zamani kulikuwa ICA, kodi juu ya mauzo. Tarehe 1 Januari 2012, serikali ya Kongo iliiondoa ikaweka TVA ya 16%. Duka kubwa linapolipisha wateja TVA, hukata kwanza ile liliyolipa lilipokuwa linanunua. Lakini mwenye mauzo chini ya milioni 80 za franga kwa mwaka hayumo katika hesabu hiyo. Halipishi TVA, wala harudishiwi. Inabaki ndani ya bei ya sabuni aliyonunua.

Mwaka 2013, sheria ikapangia biashara ndogo kodi yake: 1% juu ya vitu vinavyouzwa, 2% juu ya kazi, kama ushonaji ao upigaji picha. Wenye mauzo chini ya milioni 10 walipangiwa kiasi kimoja kwa mwaka.

Ndugu wahami, uchungu uko hapo: kodi hiyo hutazama mauzo, haitazami hasara. Aliyekimbia akaacha mali yote, anaanza tena na kodi ileile. Basi tuandike mauzo katika kaye, na kila tunapolipa, tuombe kitansi na kukitunza.