Spika za Nyuma, Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Kiwandani, muziki wa gari ni wa dereva. Ndivyo ulivyokuwa mwaka 1930, ndugu wawili wa ukoo wa Galvin huko Chicago walipoingiza sokoni redio ya gari yenye jina la Motorola na spika moja tu. Spika ya nyuma ilikuja baadaye, tena kwa kulipiwa zaidi. Hata leo wajuzi wa sauti hushikilia kwamba spika mbili nzuri za mbele zinatosha, kwa sababu masikio hupenda kuusikia muziki ukitokea usoni, bendi ikiwa jukwaani. Kwa mwenye gari lake binafsi, hawajakosea. Katika biashara ya matatu hoja hiyo haisimami: anayelipa nauli amekaa nyuma.

Kitale ni mji wa safari. Reli ilifika 1926 kubeba mahindi ya walowezi wa Trans-Nzoia, lakini barabara ndiyo iliyoufanya njiapanda: kaskazini Kapenguria na Lodwar, kusini Kiminini, Kamukuywa, Webuye, kisha Bungoma. Mtaa wake wa Kipsongo ni tunda la mwendo huo. Wengi wa wakazi wake ni Waturkana, familia zilizoteremka kutoka kaskazini ukame ulipomaliza mifugo yao.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na magari yakazidi kumiminika barabarani. Nyingi zilikuwa pikapu zilizofungwa bodi nyuma, Peugeot 404 zikiwemo, na abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana, magoti yakigusana. Redio ikiwepo, ilikuwa ndani ya kebini. Waliokuwa nyuma walitengwa nayo kwa ukuta wa bati, wakabaki na ngurumo ya injini na mazungumzo ya jirani.

Kilichouleta muziki kwa abiria, basi, ni umbo la gari kwanza, spika baadaye. Sheria ya 1984 ilizitambua matatu rasmi na kuzitaka zikaguliwe. Pikapu zikazidi kupisha magari ya Kijapani ya bodi moja, yale ambayo Wakenya waliyaita Nissan hata yalipokuwa Toyota. Ndani yake hakuna ukuta kati ya dereva na kiti cha mwisho. Kanda ya kaseti, ambayo Philips waliizindua 1963, ilikuwa tayari imejaa sokoni. Ilikuwa na faida moja kubwa kwa safari ndefu. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na mawimbi ya FM hayapindi milima ya Marich. Kaseti haijali mlima.

Ili kupeleka spika nyuma, fundi hakuhitaji mengi. Alikata plaiwudi, akaunga sanduku la kuingia chini ya kiti cha nyuma, akatoboa tundu la wufa, akalivika kapeti lisivume kama debe. Waya ulipita chini ya mkeka hadi kwenye amplifaya, na mwingine mnene ukaenda moja kwa moja hadi kwenye betri, ukiwa na fyuzi kama fundi ni mwangalifu. Abiria mrefu alipoteza nafasi ya miguu. Wazoefu wa njia hiyo walijua: asiyetaka besi kifuani asikubali kusukumwa siti ya nyuma.

Je, sanduku lile lilihitajika? Kwa kusikia, hapana. Besi nzito haina upande. Ukiiweka popote garini, humfikia kila mtu, dereva pia. Lakini makanga hakuwa akimwimbia aliyekwisha kuketi. Mteja wake hasa alikuwa bado yuko steji, akichagua kati ya magari matatu yanayoelekea Bungoma. Mlango ukifunguliwa, muziki wa bendi ya Super Mazembe au wa litungu la Wabukusu ukamwagika nje, uamuzi ulikuwa nusu umefanyika. Mlipa nauli aliyekwisha kuketi alikuwa mateka tu, na hilo ndilo watetezi wa spika za nyuma huliruka.

Serikali nayo iligundua mapema nguvu ya muziki wa matatu. Mei 1990 mtaa wa Muoroto, Nairobi, ulibomolewa, na kanda za nyimbo za kulalamikia ubomoaji huo zikawa zinapigwa ndani ya matatu. Zikapigwa marufuku, wauzaji wakakamatwa.  Mwaka 2009 zikaja kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, dhidi ya kelele za kupita kiasi. Wanamuziki nao walidai chao kupitia chama chao cha hakimiliki, MCSK, ambacho kwa miaka mingi kiliwatoza wenye magari ada ya kupiga nyimbo.

Wakati huohuo wateja wa safari fupi walikuwa wakihama. Toyota Probox, iliyotoka 2002 kama gari la mizigo la Kijapani, iligeuzwa teksi ya kuchangia magharibi mwa Kenya. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na boda boda zikajaa Kitale na Bungoma. Siku hizi nyingi zina redio zake na tundu la kuchomekea flashi. Anayepanda kurudi Kipsongo jioni husikia muziki huo apende asipende, kwa kuwa spika iko sentimita chache tu kutoka kwake.