Kifaranga, Pora na Mtetea: Neno Linapoitangulia Dalili

Mfugaji wa Bariadi anaponunua vifaranga wa siku moja walioandikwa "mitetea", hulipa fedha kwa kuliamini neno. Anatarajia mayai. Ikiwa baada ya miezi michache baadhi ya mitetea hao watawika, chakula walichokula hakirudi, na neno litakuwa limemdanganya. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lugha yetu ilivyowataja kuku tangu zamani, na kwa nini istilahi za ufugaji wa leo zinahitaji uangalifu zaidi.

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kuku mchanga ni kifaranga. Akikua, dume huitwa pora kabla ya kuwika sawasawa, kisha huwa jogoo au jimbi. Jike huitwa tembe kabla ya kutaga, halafu mtetea, na akishataga na kuatamia huwa koo. Lakini tuyatazame vizuri maneno haya: hakuna hata moja linalotaja jinsia kabla jicho halijaiona. Mtetea amepata jina lake kutokana na kutetea, yaani ile sauti ya kuku anayetaka kutaga. Kumwita kifaranga wa siku moja mtetea ni kumpa jina la sauti ambayo hajaitoa.

Pengo hili halikutokana na uzembe. Katika kaya za Bariadi, Maswa au Meatu, kuku wa kienyeji huangua vifaranga wachache kwa wakati mmoja, nao hujitafutia chakula uani pamoja na mama yao. Dume naye ana kazi: huuzwa mnadani, au huchinjiwa mgeni. Hapana hasara kubwa katika kungoja. Yapata wiki ya sita hadi ya nane, upanga na ndevu za dume huanza kukua na kuiva wekundu kuliko vya jike. Baadaye humwota manyoya marefu yaliyochongoka shingoni na kiunoni. Hapo ndipo lugha humpa jina.

Hata hivyo, hamu ya kujua mapema ni ya kale. Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba yai refu lililochongoka hutoa jike. Pliny wa Roma akaandika kwamba jike hutoka katika yai la mviringo. Wote wawili walikosea. Jinsia ya kuku huamuliwa na upande wa mama kabla gamba la yai halijaumbwa, kwa hiyo umbo la gamba haliwezi kuitangaza.

Elimu ya kweli ilipatikana katika karne ya 20, kwa sababu ya uhaba na biashara. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Reginald Punnett wa Cambridge alitafuta njia ya kuwatenga vifaranga kwa rangi, ili chakula cha kuku kilichokuwa haba kisiliwe na madume. Jogoo wa rangi ya dhahabu akipandana na koo wa rangi ya fedha, vifaranga dume hufuata rangi ya mama, na majike hufuata ya baba. Kitabu chake kuhusu urithi wa kuku kilitoka mwaka 1923. Huko Japani, Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto walichunguza kinundu kidogo kilichomo katika tundu la haja la kifaranga, na mwaka 1927 matokeo yao yalifikishwa kwenye mkutano wa dunia wa ufugaji wa kuku mjini Ottawa, Kanada. Njia ya tatu ni ya bawa: siku ya kwanza, manyoya makuu ya jike huwa marefu kuliko yale yanayoyafunika, hali ya dume hulingana.

Hapana budi kutahadhari. Rangi na bawa hutoa ushahidi kwa vifaranga wa wazazi waliochaguliwa kwa kusudi hilo tu. Kuku wa uani, ambaye baba yake huenda ni jogoo wa jirani, hawezi kusomwa hivyo. Kinundu nacho kinahitaji mkono uliofunzwa kwa muda mrefu.

Mkulima wa pamba wa Simiyu hana shida na tofauti za namna hii. Yeye hutenga pamba safi na pamba fifi, na anajua kwamba kuchambua ni kazi nyingine, ifanywayo kinuni. Kwa mfano huo tunapendekeza kutambua jinsia kwa tendo la kuijua. Kutenga kwa tendo la kuwaweka mbali baada ya kuijua. Na kukisia kwa lile litegemealo umbo la yai. Wanaouzwa waitwe vifaranga majike, vifaranga madume, au vifaranga wasiotengwa.

Tunajua kwamba sokoni "mitetea" limekwisha kuenea, wala hatuna uwezo wa kulizuia. Lakini katika stakabadhi, vitabu vya shule na maelezo ya mabwana mifugo, neno hilo libaki kwa kuku aliyefikia kutaga. Na mfasiri akutanapo na vifaranga waliotengwa, aitaje njia iliyotumika: rangi, bawa au kinundu. Mnunuzi atajua basi kiasi cha imani anachoweza kuliwekea neno.