Madoa ya Jua na Maji ya Ziwa Viktoria

Watu wa pwani yetu wamekuwa na kalenda mbili tangu kale. Moja ni ya mwezi, nayo ndiyo iongozayo funga, Idi na Maulidi. Ya pili ni ya jua, ianzayo siku ya Nairuzi, ambayo siku zake 365 huhesabiwa kwa miongo, yaani kwa makumi. Mkulima aliyetaka kujua wakati wa kupanda, na nahodha aliyengoja upepo wa kusi uanze kuvuma, walihesabu miongo. Mwaka wa mwezi una siku 354 tu. Kwa hiyo Ramadhani hutangulia siku 11 hivi kila mwaka, na kwa muda wa miaka 33 hupita katika misimu yote, masika na kiangazi. Mwezi haukukosa kazi, maana mvuvi aliutazama apate kujua siku za bamvua na siku za maji mafu.

Mgawanyo huo ulitosha kwa mambo ya mwaka mmoja. Lakini mvua ya mwaka huu si sawa na ya mwaka jana, na baada ya miaka ya neema huja miaka ya njaa. Je, iko hesabu nyingine angani, iliyo ndefu kuliko mwaka, ambayo mtu akiijua ataweza kuitabiri miaka hiyo? Historia ya swali hili ina mafunzo mengi, na sehemu yake kubwa imeandikwa katika ziwa letu wenyewe.

Katika mji wa Dessau, Ujerumani, aliishi muuza dawa jina lake Heinrich Schwabe. Tangu mwaka 1826 alikuwa akiielekeza darubini yake kwenye jua kila siku isiyokuwa na mawingu, akitafuta sayari aliyodhani imejificha karibu nalo. Sayari hiyo hakuiona, kwa kuwa haipo. Alichokiona ni madoa meusi usoni pa jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa zamu. Mwaka 1844 alichapisha habari kwamba zamu hiyo huchukua kama miaka 10, kisha Rudolf Wolf wa Uswisi akapekua kumbukumbu za kale akapata wastani wa miaka 11. Tangu hapo watu walianza kuyatafuta madoa hayo katika kila jambo la duniani, tangu bei ya ngano hata vimbunga vya baharini.

Bara Hindi ndiko jambo hili lilikotoka katika udadisi likaingia katika utawala. Mvua za huko zilikosekana mwaka 1876, na njaa iliyofuata iliua mamilioni ya watu, hasa upande wa Madras. Mwaka 1877 Norman Lockyer, mtaalamu wa jua, na William Hunter, mkuu wa takwimu wa serikali ya Kiingereza huko, walitangaza kwamba njaa ya kusini mwa Bara Hindi hufuata duru ya jua: madoa yakipungua, mvua hupungua. Hatuna haja ya kuutilia shaka unyofu wao. Hata hivyo, msomaji ataona jinsi nadharia ya namna hiyo inavyompendeza mtawala. Njaa ikiwa imetoka juani, nani wa kulaumiwa? Wakati huohuo nafaka ya Bara Hindi ilikuwa ikipakiwa melini kwenda Uingereza, na hilo halikuwa tendo la jua.

Aliyeipima nadharia hiyo kwa mizani ya kweli ni Gilbert Walker, mwanahisabati aliyeshika idara ya hali ya hewa ya Bara Hindi mwaka 1904. Aliwaweka makarani kufanya hesabu kwa miaka mingi, akaona kwamba uhusiano wa madoa na mvua ni dhaifu mno hauwezi kumfaa mkulima. Badala yake aligundua kwamba kanieneo ya hewa hupanda upande mmoja wa Bahari ya Pasifiki huku ikishuka upande wa pili, mfano wa pembea, na kwamba pembea hiyo huzivuta mvua za nchi nyingi. Leo tunajua kwamba ukame wa 1876 na 1877 ulitokana na hali hiyo ya bahari, ambayo sasa huitwa El Niño.

Tuje sasa nyumbani. Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na kina chake cha wastani ni meta 40 tu. Ni sinia kuliko mtungi. Kadiri ya asilimia 80 ya maji yake haiji kwa mito, bali hunyesha moja kwa moja juu yake. Kwa sababu hiyo ziwa lenyewe ni kipimo kikubwa cha mvua. Tangu mwaka 1896 vimo vya maji yake vilikuwa vikisomwa na kuandikwa, kwa faida ya bandari na ya wale waliotaka kujua ni maji kiasi gani yatokayo Jinja kuingia katika Mto Naili.

Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alivichukua vimo hivyo akavilinganisha na hesabu ya madoa ya jua. Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Madoa yalikuwa mengi mwaka 1906, na ziwa lilikuwa limejaa. Yalikuwa machache mwaka 1913, na ziwa lilikuwa limeshuka. Yaliongezeka tena mwaka 1917, ziwa likapanda. Na Brooks alipokuwa akiandika, vyote viwili vilikuwa chini. Mistari miwili ilikwenda pamoja kama ng'ombe wa nira moja. Wanazuoni wengi walisadiki kwamba hapa, chini ya jua la ikweta, siri imepatikana. Na ziwa lilipopanda tena mwaka 1927, jua nalo likielekea kilele cha 1928, imani hiyo haikupungua.

Kisha ng'ombe mmoja akaiacha njia. Mapatano yalilegea katika miaka ya thelathini, na mwaka 1958, jua lilipokuwa na madoa mengi kuliko wakati wowote tangu hesabu ianze, ziwa halikuonyesha ajabu yoyote. Ajabu ilikuja baadaye. Vuli ya mwaka 1961 ilinyesha kana kwamba mbingu zimepasuka. Nchi ilikuwa imetoka tu katika ukame. Barabara na madaraja yalichukuliwa na maji, na chakula kikadondoshwa kwa ndege, hata Wakamba wakaipa njaa ile jina la ndege. Ziwa likaanza kupanda, wala halikukoma hadi Mei 1964, likiwa limeongezeka zaidi ya meta mbili na kuyafunika mashamba ya ufukoni. Na jua? Katika miaka hiyohiyo madoa yake yalikuwa yakipungua, yakafika chini kabisa mwaka 1964. Ziwa lingaliitii kanuni ya 1923, lingalikuwa likishuka.

Wako walioutupia lawama ukuta wa Owen Falls, uliofunguliwa Jinja mwaka 1954. Lakini Ziwa Tanganyika, Ziwa Turkana na Naivasha nayo yalipanda wakati ule, na hakuna ukuta wa Jinja uwezao kuyajaza hayo. Sababu ilikuwa mvua, na chanzo cha mvua ile kilikuwa Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani walieleza jinsi maji ya upande wetu wa bahari yanavyopata joto miaka fulani, huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa. Hapo mawingu huhamia kwetu. Ndivyo ilivyokuwa 1961, ikawa tena 1997 na 2019.

Kosa la hesabu ya 1923 lilikuwa wapi? Si katika vipimo, maana vilikuwa vya kweli. Ni kwamba miaka 27 ina duru mbili na nusu tu za jua. Mtu akinyeshewa mara mbili akienda sokoni Jumanne, hajapata bado kanuni ya Jumanne. Tena nguvu yenyewe ni ndogo: setilaiti, ambazo zimelipima jua tangu 1978, zinaonyesha kwamba mwanga wake kati ya kilele na bonde hubadilika kwa sehemu moja tu katika elfu.

Habari za mwezi ni fupi zaidi. Mwingereza James Bradley alionyesha mwaka 1748 kwamba mhimili wa dunia hutikisika kidogo kwa duru ya miaka 18.6, kwa kuufuata mwezi. Duru hiyo huongeza na kupunguza kimo cha bamvua, jambo ambalo ni la hakika. Wako waliodai kwamba huleta pia ukame, hasa Marekani, lakini madai hayo hayajakubaliwa na wengi.

Hata hivyo ingekuwa haraka kulifukuza jua katika baraza. Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Ubelgiji na wenzake wawili wa Kanada walitoa habari za tope walilolichimba chini ya Ziwa Naivasha. Tope hilo limelala tabaka juu ya tabaka, na masalia ya mimea midogo na wadudu yaliyomo hueleza kama maji yalikuwa mengi au machache, matamu au ya chumvi, kwa muda wa miaka 1,100. Walikuta ukame mkubwa kati ya mwaka 1000 na 1270, na baada yake vipindi vitatu vya ukame, cha mwisho kikiwa tangu 1760 hadi 1840. Vipindi vya ukame vililingana na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na kuhama kwa makabila. Na vipindi vya maji mengi vililingana na nyakati ambazo jua lilikuwa limefifia kwa miaka mingi, kama vile 1645 hadi 1715, ambapo madoa yalikuwa adimu kabisa. Jua hafifu, mvua nyingi: kinyume cha kanuni ya Brooks! Yamkini jua husema kwa karne, na sauti yake ya miaka 11 humezwa na kelele za bahari. Curt Stager wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba kila kilele cha madoa katika karne ya 20 kilikuwa na kijilima chake cha maji katika Ziwa Viktoria, lakini vijilima hivyo ni vidogo mbele ya mlima wa 1964.

Mwezi Mei 2020, jua likiwa limetoka tu katika bonde lake, ziwa lilifikia alama ya 1964 na kuipita kidogo, na maelfu ya watu wa kandokando yake wakayahama makazi yao. Miaka minne baadaye jua lilikuwa karibu na kilele, uso umejaa madoa, na ziwa likaipita hata alama hiyo ya 2020.